Chumba cha Nyongeza: Ruhusa Huombwa kwa Nani?

Nyumba nyingi za Marereni, katika Kaunti ya Kilifi, hazikujengwa mara moja. Huanza na vyumba viwili vya udongo uliokandikwa kwenye boriti na fito, paa la makuti, choo upande wa nyuma. Pesa ya kibarua cha chumvi ikipatikana, au mbuzi wakipata bei nzuri, makuti hushuka na mabati hupanda. Mwaka mwingine ukuta mmoja wa udongo huangushwa, na wa mawe ya matumbawe huinuliwa mahali pake. Kijana akioa, chumba huchomozwa ubavuni. Mama akizeeka na kuletwa kutoka shamba, chumba kingine. Kibaraza kinachotazama barabara ya Malindi kwenda Garsen huzibwa kikawa duka. Huku, kuongeza chumba ndiyo njia yenyewe ya kujenga nyumba, na kanuni za chumba cha nyongeza zinawagusa watu wengi kuliko kanuni zozote za majumba mapya.

Watu wa pwani hii wamekutana na majibu manne kwa swali moja: anayetaka kuongeza chumba amwombe nani ruhusa? Mudzi wa Kigiriama, yaani boma la jamaa, una jibu lake. Miji ya mawe ya Waswahili, chini ya fiqhi ya Kishafii, ina lake. Uingereza, ambako sheria zetu za mipango miji zilitoka, ina lake. Na Kenya ya leo ina la nne. Nikiyapanga kando kwa kando, naona kwamba kwa chumba kidogo jibu la Kenya ndilo dhaifu kuliko yote, na kwamba udhaifu wake mkubwa ni kumsahau jirani.

Katika mudzi wa Kigiriama, mtoto wa kiume aliyeoa hujenga karibu na babake, na kila mke huwa na nyumba yake. Mahali pa kujenga hapachaguliwi na mtu peke yake. Mwenye mudzi huulizwa kwanza, maana ndiye anayejua nani mwingine atafuata kujenga, mbuzi watapita wapi, na uwanja wa katikati uachwe ukubwa gani ili matanga na harusi vipate pa kukaa. Wapo pia wasioweza kujibu. Makaburi yamo ndani ya boma, na aliyekuwa wa chama cha wazee cha Gohu husimamishiwa kigango, gogo la mti lililochongwa, ambalo halipaswi kung'olewa pale liliposimama. Ukuta mpya hulazimika kukwepa. Hakuna aliyeandika umbali huo kwa mita, lakini kila aliyekulia pale anaujua.

Utaratibu huu nauheshimu, ila sitaki kuupamba. Anayeruhusu huwa ni mwanamume mzee, na mara nyingi naye ana maslahi yake katika ardhi hiyo hiyo. Mjane, au binti aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika, anapoomba pahala pa kuinua chumba, huomba mbele ya shemeji au ndugu ambao nafasi hiyo wameshaigawa mioyoni. Na Kilifi imeona mabaya zaidi ya kunyimwa chumba: wazee wenyewe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na nyuma ya tuhuma nyingi za aina hiyo umekuwapo ugomvi wa mashamba na urithi. Mahali ambapo ruhusa yote imewekwa katika kinywa cha mtu mmoja, kinywa hicho huwindwa.

Ukipanda kaskazini hadi Lamu unakuta mji uliobanana, ambako nyongeza yoyote ni lazima iguse mtu. Huko ndiko fikra ya ruhusa ilikokomaa kuliko kwingine kokote pwani. Nyumba za mawe za waungwana zilipanuliwa kwenda juu: binti alipoolewa, mzazi mwenye uwezo alimjengea ghorofa juu ya nyumba yake, ili asiondoke kwa mamake. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba kwa sababu ya boriti, maana mkoko haubebi dari zito la mawe na chokaa likizidi upana wa takriban mita 3. Na pale ambapo jamaa walikuwa na nyumba pande mbili za kichochoro, walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya njia, kikiunganisha nyumba na nyumba, wanawake wakatembeleana bila kushuka barabarani. Kwa macho ya afisa wa mipango wa leo, huo ni uvamizi wa barabara ya umma. Kwa watu wa Lamu ulikuwa halali, na uhalali huo ulikuwa na masharti yaliyoandikwa.

Masharti hayo yamo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho wanafunzi wa fiqhi ya Kishafii wamekisoma pwani yetu vizazi kwa vizazi. Katika mlango wa sulhu, yaani mapatano, Nawawi anazungumzia anayetoa ubao au paa kutoka ukutani mwake hadi juu ya njia. Kwenye njia inayopitwa na watu wote, anaruhusiwa mradi asiwadhuru wapitao: chumba kiwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake akiwa wima, na kama ni njia ya misafara, kiasi cha ngamia na mzigo wake kupita. Lakini katika kichochoro kisichopenya, ambacho ni cha wale wenye milango humo peke yao, hukumu hubadilika. Hapo mtu hawezi kutokeza kitu juu ya njia bila ridhaa ya wenzake wa kichochoro hicho.

Utofautishaji huo naona ni wa hekima kubwa. Nyongeza yenye athari kwa wapita njia wote hupimwa kwa madhara, na kipimo chake kinaonekana na yeyote mwenye kichwa na mabega. Nyongeza yenye athari kwa watu wachache wanaojuana huachiwa wachache hao. Kadhi huingia wakishindwana. Hakuna anayelazimika kusafiri siku nzima kumtafuta mkubwa asiyekijua kichochoro, wala hakuna anayeweza kujificha nyuma ya karatasi ya mkubwa huyo akamjengea mwenzake ukuta mdomoni.

Wengine walikwenda mbali zaidi katika kutaja madhara. Sheria ya Kiothmani iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, inayofuata madhehebu ya Kihanafi, ilieleza kwamba kutazama kwa jirani mahali wanapokaa wanawake, kama ua, jikoni na kisimani, ni dhara kubwa linalopaswa kuondolewa. Kumzuilia jirani mandhari au upepo hakukuhesabiwa hivyo. Kumfungia mwanga kabisa kulihesabiwa. Mtu wa Marereni angeweza kubishana na orodha hiyo, kwa kuwa katika joto la Februari upepo ndio raha ya pekee ya nyumba ya mabati, lakini angalau angejua anabishana na nini. Waingereza nao walijibu swali la mwanga kwa njia yao: chini ya sheria ya 1832, dirisha lililopata mwanga kwa miaka 20 bila kukatizwa huweza kupata haki ya kuendelea kuupata, na jirani anayeinua ukuta mbele yake anaweza kushitakiwa.

Lamu nayo haikuwa pepo. Stara iliyolindwa kwa uangalifu huo ilikuwa stara ya waungwana. Watumwa waliolala vyumba vya chini na mafundi waliochoma chokaa hawakuwa na ua wa kulindwa. Hilo halifuti thamani ya kanuni, ila linatuonya tuulize kila mara ni jirani yupi anayehesabiwa kuwa jirani.

Sasa Uingereza. Mwaka 1947 Bunge lake lilipitisha sheria iliyobadilisha maana ya kumiliki kiwanja. Kuanzia Julai 1948, haki ya kujenga haikuwa tena sehemu ya umiliki; ilikuwa ya dola, na mwenye ardhi alipaswa kuiomba. Ni hatua nzito, na Waingereza waliiona hivyo mara moja, maana pamoja na katazo hilo walitoa orodha ya kazi ndogo ambazo ruhusa yake imekwisha kutolewa kwa kila mtu bila kuomba. Orodha hiyo imefanyiwa marekebisho mara nyingi, na iliyopo England leo ni ya 2015. Mwenye nyumba iliyoshikana na nyingine anaweza kuongeza chumba kisicho na ghorofa nyuma ya nyumba yake kwa urefu wa mita 3. Mwenye nyumba iliyosimama peke yake, mita 4. Kimo kisizidi mita 4. Majengo yote ya nyongeza yasile zaidi ya nusu ya uwanja unaoizunguka nyumba ya awali. Katika mitaa ya kihistoria uhuru huo hupunguzwa. Scotland na Wales zina vipimo vyao.

Jambo linalonigusa zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 2013 England ilianza kuruhusu vyumba vya nyuma vikubwa zaidi, mita 6 kwa nyumba zilizoshikana na mita 8 kwa zilizo peke yake, na 2019 ruhusa hiyo ikafanywa ya kudumu. Utaratibu wake ni huu: mwenye nyumba huiarifu halmashauri, halmashauri huwaandikia majirani wanaopakana naye na kuwapa siku 21. Wakinyamaza wote, kazi inaendelea. Mmoja akipinga, halmashauri hupima kama kweli chumba kitamharibia maisha. Siku 42 zikipita bila uamuzi, mjenzi anaweza kuanza. Nchi iliyoitaifisha haki ya kujenga ikarudi, baada ya zaidi ya miaka 60, kubisha hodi kwa jirani, karibu sawasawa na kile ambacho Nawawi alikiandikia kichochoro kisichopenya.

Kenya ilirithi upande mmoja wa hadithi hii. Sheria ya mipango ya 1996 iliiacha huru kazi ya ndani ya nyumba na ukarabati usiobadili sana sura ya nje. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi yake, inaeleza ujenzi kwa upana mno: kazi yoyote juu ya ardhi, au badiliko kubwa la matumizi ya jengo lililopo. Kifungu cha 57 kinafungua kwa katazo. Hakuna kujenga ndani ya kaunti bila kibali cha waziri wa kaunti anayehusika. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili, na kutakiwa arudishe kiwanja kilivyokuwa. Sheria yenyewe haikumwambia mwenye nyumba kama Waingereza walivyomwambia wao: hapa hadi hapa ni kwako.

Kwa mwenye nyumba ya Marereni, njia huwa hivi. Atafute msanifu aliyesajiliwa amchoree ramani, na mhandisi wa kuthibitisha nguzo na lenta. Alete nakala ya hatimiliki, matokeo ya upekuzi wa ardhi, na stakabadhi ya kumaliza kodi za kiwanja. Alipe ada ya kaunti. Mradi wake usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na kazi ifanywe na mkandarasi anayetambulika. Yote hayo yana sababu nzuri kwa jumba la ghorofa. Aprili 2016, mtaani Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa liliporomoka usiku wa mvua na kuua makumi ya watu, na hakuna jirani ambaye angeweza kuona nondo zilizopunguzwa ndani ya zege. Lakini kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, ramani na mihuri hiyo huenda ikagharimu sawa na kuta. Matokeo yake yanajulikana na kila fundi: watu hujenga Jumamosi na Jumapili, afisa akifika hukuta paa limeezekwa, na yanayofuata huwa alama nyekundu ya X ukutani au mazungumzo ya kando yasiyoandikwa.

Sheria ya 2019 ina kifungu kimoja kizuri ambacho wananchi wengi hawakijui. Ombi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Na anayenyimwa ana haki ya kukata rufaa kwa kamati ya usuluhishi ya kaunti. Huu ni ulinzi wa kweli dhidi ya faili kulala kabatini. Ila saa ya siku 60 huanza kuhesabiwa ombi linapopokelewa, na ombi halipokelewi bila hatimiliki.

Hapo ndipo Marereni inapokwama. Ukanda wa pwani wa maili 10, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, uliwekewa sheria ya hati mwaka 1908. Waliotambuliwa kuwa wenye ardhi ni wale walioweza kudai kwa namna iliyokubaliwa na serikali ya kikoloni; madai ya Wamijikenda, Wagiriama wakiwemo, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na mbari, kwa sehemu kubwa hayakupokelewa, na iliyobaki ikaitwa ya Mfalme wa Uingereza. Baada ya uhuru ardhi hiyo ikawa ya serikali, na vipande vikubwa vya Gongoni, Marereni na Kurawa vilikodishwa kwa makampuni ya chumvi. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa hadhara kuhusu viwanda hivyo, baada ya wakazi kulalamikia kuhamishwa, kupotezewa njia za kwenda baharini na kuharibiwa visima kwa maji ya chumvi. Pamekuwepo miradi ya makazi na ugawaji wa hati tangu hapo, lakini bado ziko familia zilizozika babu zao mahali ambapo kisheria ni za kupita tu.

Kwingine pwani kuna aina nyingine ya ukosefu, nyumba bila ardhi. Malindi na Mombasa, mtu anaweza kuwa na nyumba, akairithisha, akaiuza, huku akilipa kodi ya ardhi kila mwezi kwa mwenye kiwanja. Kawaida ya mkataba huo wa mdomo ni kwamba mpangaji ajenge nyumba ya udongo na makuti tu. Akitaka kuinua mawe lazima mwenye ardhi akubali, na wengi hukataa, kwa hofu kwamba ukuta wa kudumu utazaa dai la kudumu. Kwa hiyo kuna watu waliokaa miaka 40 katika nyumba ambayo hawajaruhusiwa kuitia hata msingi imara.

England, mtu yeyote anaweza kuomba ruhusa ya kujenga juu ya ardhi isiyo yake, mradi amwarifu mwenye ardhi. Ruhusa hiyo hushika kiwanja, haimshiki mtu, na haimpi aliyeiomba umiliki wowote. Wametenganisha maswali mawili: je, jengo hili linafaa mahali hapa? Na je, ardhi hii ni ya nani? Sisi tumeyafunga pamoja, na fundo hilo linawaumiza waliokwisha kuumizwa na 1908. Asiye na hati hana njia ya kujenga kihalali, na kwa kuwa atajenga tu, maana watoto hawaachi kukua, anajenga bila mtu wa kumkagulia. Serikali inapoteza nafasi ya kumshauri pale ambapo ushauri ungeokoa maisha. Marereni ni nchi ya maji chumvi: zege likichanganywa kwa maji ya kisima kilichoingiliwa na bahari, au mchanga wa ufukweni usiooshwa, nondo hushika kutu na lenta hupasuka baada ya miaka michache. Hilo jirani hawezi kulijua wala mzee wa mudzi hawezi kulizuia. Afisa wa kaunti angeweza, kama angekaribishwa badala ya kukimbiwa.

Wapo watakaosema kwamba kumrudishia jirani usemi ni kumrudishia mwenye wivu rungu. Hofu hiyo ina msingi. Jirani anaweza kukataa kwa chuki ya zamani, kwa dini, kwa siasa ya uchaguzi uliopita, au kwa kusubiri kitu kidogo. Ndiyo maana napendelea mfumo ambao pingamizi la jirani hufungua ukaguzi tu, wala halifungi mlango. Aseme dhara lake: dirisha lako litatazama bafu langu, maji ya bati lako yataanguka kwenye ukuta wangu wa udongo, umeziba njia ya jeneza. Lile lisiloweza kutajwa kama dhara lisihesabiwe. Minhaji inafanya hivyo katika njia ya wote, na halmashauri za England zinafanya hivyo kwa vyumba vya mita 6. Mjane naye, chini ya utaratibu wa namna hiyo, hahitaji ridhaa ya shemeji. Anahitaji tu shemeji ashindwe kuonyesha anavyodhurika.

Kwa Marereni hili halihitaji kungoja Bunge libadilishe sheria yote. Katiba ya 2010 iliweka mipango na makazi mikononi mwa kaunti, na Sheria ya 2019 inaipa kaunti mamlaka ya kuandaa mpango wa eneo dogo kama mji mmoja. Kaunti ya Kilifi inaweza kuandika katika mpango wa Marereni ukubwa wa chumba kisicho na ghorofa ambacho kibali chake kitatolewa kwa fomu ya ukurasa mmoja, ada ndogo, mchoro wa mkono wa fundi, na sahihi za majirani wanaopakana, pamoja na ushahidi wa mzee wa kijiji kwamba makaburi hayakuguswa. Asiye na hati aandike kwamba hana, na kibali kiseme wazi kwamba hakithibitishi umiliki wala hakiufuti. Ukaguzi wa kwanza ufanywe msingi ukiwa wazi, wa pili kabla lenta haijamwagwa, na mkaguzi awe Marereni siku inayojulikana kila juma, siku ya soko ikiwezekana, ili mama mwenye chumba cha mita 3 asipoteze nauli ya kwenda Malindi kumtafuta.

Ghorofa, nyumba za kupangisha za milango kumi na zaidi, na chochote kinachojengwa kwenye mikoko au ndani ya mkondo wa maji, zibaki chini ya kibali kamili, na hapo sheria iume kweli, hata kama mjenzi ni kiwanda.